Mikono ya Bi Nailoni

Pale hospitali kuu, watu wanaomjua mpwa wangu kwa jina lake la cheti hawazidi wawili, na mmoja wao ni karani wa masijala ambaye kazi yake ni kujua majina. Wengine wote, kuanzia mganga mkuu hadi mfagiaji, wanamwita Bi Nailoni. Jina hilo nilimpa mimi. Ukimsikia mlinzi wa getini akijitapa kuwa ni lake, mwambie nimesema ni mwongo. Mimi ndiye niliyemwona asubuhi ya kwanza anatoka kwenda kazini amejifungasha, mifuko ya nailoni miguuni, mifuko ya nailoni tumboni, na mmoja kichwani chini ya helmeti. Nikamuuliza, "Mpwa wangu, unakwenda kazini au unakwenda kupangwa dukani?" Hakucheka. Yeye si mtu wa kucheka papo hapo. Kichekesho anakiweka, halafu kesho yake unamkuta anaosha pikipiki peke yake, mabega yanatikisika.

Ni kitinda mimba wa dada yangu, ana miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mfupi kiasi kwamba akisimamisha pikipiki miguu inagusa chini kwa vidole tu. Siku ya majaribio ya kazi walikuja wanaume saba na yeye. Wanaume saba walionyesha mwendo. Yeye alipanda taratibu, akazunguka mapipa, akarudi, akazima, akamuuliza msimamizi kwa nini tairi la nyuma limeisha upande mmoja. Akapewa kazi. Wale saba mpaka leo wanasema alipendelewa.

Kazi yenyewe ni kubeba sampuli. Huko mlimani kuna zahanati tano na hakuna hata moja yenye maabara. Kila Jumanne na Ijumaa anapanda na boksi la buluu lenye barafu, anashuka nalo limejaa vichupa vya damu, makohozi, na vitu vingine ambavyo sitavitaja kwa sababu huenda unasoma huku unakula. Njiani kuna kona hamsini na tatu. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Nikisema hakuna kitu namaanisha hivyo hivyo: unatazama chini unaona vilele vya miti.

Sasa watu wakimwona alivyojifungasha wanadhani anaipenda mvua. Anaiogopa. Mwaka wake wa kwanza kulikuwa na dereva mwenzake, bwana mmoja wa masharubu, mcheshi, aliyekuwa akienda zahanati za ng'ambo. Siku moja mvua ilimnyeshea njia nzima, hakurudi. Walimkuta asubuhi amekaa kando ya pikipiki yake, mgongo ameegemeza kwenye ukingo kama mtu anayepumzika, koti amelivua na kulikunja vizuri pembeni. Hana jeraha. Hajaanguka. Mganga mkuu alisema ni baridi tu iliyomuua. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa waliokwenda kumchukua, na tangu siku hiyo alianza kujifungasha. Wengine wanasali kabla ya safari, yeye anakunja magazeti.

Ana utaratibu wake. Magazeti kifuani na mgongoni, chini ya sweta, yazuie upepo. Juu ya sweta mfuko mkubwa wa nailoni uliotobolewa matundu matatu, la kichwa na mikono. Soksi, mfuko, halafu buti. Suruali ya mpira inapita nje ya buti, si ndani, maana ukiichomeka ndani unakuwa umejitengenezea ndoo mbili za kutembelea. Glavu za sufu, na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo, za rangi ya waridi. Mwisho wa yote koti la mvua, zito, refu, la kijani. Hilo ndilo mlango. Bila hilo koti vingine vyote ni mapazia.

Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia enzi zangu nilipeleka barua kwa pikipiki kubwa, masika na kiangazi, kifua wazi, na sikuwahi kupiga chafya. Nilimwambia hivyo kwa miaka. Alikuwa mdogo wa magotini nilipoanza kumwambia.

Ijumaa ile nilikuwa mlimani kwa shemeji yangu, fundi mwashi, niliyekwenda kumsimamia ujenzi wa choo. Yaani yeye anajenga, mimi namkosoa. Nikajua mpwa wangu atapita zahanati ya juu mnamo saa saba mchana, nikamsubiri pale na mfuko wangu. Aliponiona alijua.

"Shikamoo Mjomba. Unashuka?"

"Marahaba. Nashuka na wewe, mama. Au niteremke kwa kubingirika?"

Akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la zahanati, jeusi, limejaa kama godoro lililoloa. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye miwani, akasema kutoka dirishani, "Msishuke. Hii ni ya kunyesha mpaka jioni. Lala hapa, vitanda vipo."

Mpwa wangu akafungua boksi, akaangalia barafu. Vilikuwa vimebaki vipande vitatu, vyembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Akasimama tu anafikiri. Angeachwa afikiri mwenyewe, nadhani angelala pale. Lakini mimi nilikuwepo.

"Hii mvua ya kupita," nikasema. "Naijua mimi. Inapiga kelele dakika kumi inachoka. Sista, wewe unaijua sindano, mvua niachie mimi."

Muuguzi akafunga dirisha.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lenyewe. Mpwa wangu alikuwa na koti moja, maana habebi abiria. Alilitoa kwenye mkoba wa pikipiki, akalikung'uta, akanishikia mikono wazi kama anavyovishwa bwana harusi.

"Vaa, Mjomba."

"Na wewe?"

"Nina sweta na nailoni. Siwezi kukaa mkavu wewe umelowa, mama atanichinja."

Nilikataa mara moja, ile ya adabu. Mara ya pili hakuniomba, alinivisha. Na suruali ya mpira akanipa. Hivyo ndivyo alivyolelewa na dada yangu: mkubwa anakaa penye kivuli, mkubwa anakula kwanza, mkubwa anavaa koti. Wala hakuna kati yetu aliyefikiri jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelifikiri, kwamba aliye nyuma amekingwa na aliye mbele, na aliye mbele hakingwi na mtu. Heshima ilikuwa imetuziba macho wote wawili.

Tulipokuwa tunaondoka nikaona mikono ya sweta yake imebaki mifupi, glavu zimeishia kwenye kifundo, na hapo katikati maji yataingia. Nikataka nami nitoe mchango. Kwenye mkoba wa vifaa kulikuwa na vipande vya mpira wa tyubu, vile vya kufungia mizigo. Nikakata viwili, nikavizungusha kwenye vifundo vya mikono yake juu ya glavu, mara tatu tatu, nikakaza.

"Mjomba, vimebana."

"Visipobana vitazuia nini? Hapo haliingii hata tone. Mbinu ya wazee hiyo."

Akawasha.

Kona kumi za kwanza zilikuwa manyunyu na mimi nilikuwa naimba. Kona ya kumi na moja mvua ilifunguka. Sijui niielezeje. Ilikuja kwa ubavu, matone mazito ya kuuma, na ukungu ukapanda kutoka bondeni mpaka taa ya mbele ikawa inamulika maziwa. Barabara ikageuka mto, maji mekundu yanakata kutoka ukutani kwenda kwenye lile bonde lisilo na kitu, yanaviringisha mawe. Nilimkumbatia kiuno, nikaficha uso nyuma ya helmeti yake. Nilikuwa mkavu. Na hilo niliandike: ndani ya lile koti nilikuwa mkavu na nina joto kama niko kitandani, na hata hivyo niliogopa.

Huwezi kuona barabara, lakini unaisikia. Tairi likipita kwenye lami linavuma. Likigusa tope linanyamaza. Kila liliponyamaza nilikuwa nafumba macho. Nikawa nahesabu: kona ya kumi na tano, kumi na sita. Zilibaki thelathini na saba, na kila moja upande wake ule ule mtupu.

Halafu nikaanza kuhisi anatetemeka. Mikono yangu ilikuwa kiunoni kwake, kwa hiyo mtetemo ulinijia mwilini kama mtu aliyekaa juu ya mashine ya kusaga. Anatetemeka mabega, anatetemeka mbavu. Sweta lilikuwa limekuwa zito, linachuruzika kwenye magoti yangu.

Nikapiga kelele, "Unasikia baridi?"

"Kidogo!"

"Tusimame?"

"Tukisimama barafu itaisha! Mjomba shikilia!"

Nikashikilia. Kona ya ishirini. Ishirini na mbili. Kwenye ya ishirini na nne, mtetemo ukakoma. Ghafla tu, kama umeme umekatika. Mgongo wake ukatulia, ukawa laini. Unajua mimi nilisemaje? Nilisema, afadhali, ameshapata joto. Nikafurahi kabisa. Nikamgonga bega kumpongeza.

Hakugeuka. Kona iliyofuata aliiingilia bila kupunguza. Tulipanuka mpaka ukingoni, nikaona majani ya bondeni yakipita chini ya buti langu, tukarudi katikati ya barabara kwa bahati tu. Gia ikalia vibaya. Halafu pikipiki ikaanza kupepesuka polepole, kushoto, kulia, kama mtu anayetoka kwenye pombe, na mbele yetu kukatokea kona ya ishirini na sita, na hatupungui mwendo.

"Breki!" nikapiga ukelele. "Mama, breki!"

Nikaona mkono wake wa kulia. Vile vidole vya waridi vilikuwa vimenyooka juu ya breki, havikunji. Alikuwa anavitazama. Pikipiki inakwenda bondeni, na yeye anatazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Sijui ni nini kilichomkumbusha mguu. Aliikanyaga breki ya nyuma, tukateleza mzima mzima, tairi la nyuma likaja mbele, tukasimama tumekaa upande barabarani. Kati ya tairi na ukingo ungeweza kuweka sahani. Sahani ndogo.

Injini ikazimika. Hapo sasa ndipo nilipoisikia mvua yenyewe.

"Mjomba," akasema. Sauti ilikuwa nzito, maneno yanagongana kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Vidole vimekwenda wapi?"

"Vipo, mama. Vipo hapo."

"Sivioni." Alikuwa anavitazama. Halafu akashuka, akayumba, akashika taa asianguke. "Shika wewe. Endesha wewe. Mimi nitakaa nyuma."

Basi. Miaka ishirini na tano nimemsimulia ile pikipiki kubwa. Nimemwonyesha kwa mikono jinsi inavyokata kona. Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu, midomo ya rangi ya jivu, ananipa mimi ufunguo kwa imani yote.

"Mwanangu, mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Kuendesha."

Akafikiri kwa muda mrefu sana. "Ulikuwa unapeleka barua."

"Nilipeleka. Kwa miguu. Pikipiki ilikuwa ya bwana posta, mimi nilikuwa naiosha."

Nilitegemea angekasirika. Natamani angekasirika. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Basi sawa," akaanza kuondoka. Anatembea katikati ya barabara, kuteremka, mikono inaning'inia. Na boksi ameliacha kwenye pikipiki. Huyu ndiye mtu anayelala na lile boksi chumbani akikuta maabara imefungwa, mtu aliyewahi kurudi kilomita tisa kwa kichupa kimoja. Ameliacha bila kuligeukia. Hapo ndipo hofu ilipobadilika. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kufa. Sasa nilimwona akilini yule bwana wa masharubu amekaa kando ya barabara, koti amelikunja, na nikajua naogopa nini.

Na kweli, hatua chache mbele alikuwa anajivuta nailoni shingoni anataka kuivua.

"Usivue!"

"Nasikia joto, Mjomba. Nikae kidogo."

"Hukai! Ukikaa nitakuchapa!" Sijawahi kumchapa maishani. Nililitupa boksi begani, nikamkamata chini ya kwapa, nikawa namburuta. Mvua inatupiga usoni. Nilikuwa nimevaa koti, unaelewa? Nimevaa koti lake, nimelifunga vifungo mpaka shingoni, namburuta mtoto mwenye sweta la maji, na hata wazo la kulivua halikuja. Mtu akiogopa sana anakuwa mjinga kuliko mbuzi.

Kilichotuokoa ni moshi. Niliusikia puani kabla sijauona, moshi wa kuni mbichi, unatambaa chini kwa chini. Ng'ambo ya kona kulikuwa na rundo la kokoto, na nyuma yake banda la turubai na mabati, na ndani yake mama mmoja amekaa juu ya jiwe, nyundo magotini, birika motoni. Mpasua kokoto. Mabega kama ya mbeba magunia. Alitutazama mara moja tu.

"We mzee," akasema, "wewe umevaa hema, huyu umemvisha gazeti?"

Alishasimama, alishamtwaa mikononi mwangu, anamketisha kwenye gunia mbali na moto. Mimi nikamshika mpwa wangu mikono niisogeze kwenye makaa. Yule mama akanipiga kofi la mkono.

"Ataungua na hatajua! Hasikii kitu huyo." Akazitazama glavu. "Nani kamfunga hivi?"

"Mimi. Maji yasiingie."

"Na damu je? Uliiambia ipite wapi?"

Akachukua wembe, akaikata ile mipira ya tyubu. Akavua glavu. Vidole vilikuwa vyeupe. Sisemi vilipauka, nasema vyeupe, kama mishumaa, na kwenye vifundo kulikuwa na mitaro mirefu iliyochimbwa na mbinu yangu ya wazee.

"Vua," akaniambia. "Koti, sweta, shati, fulana, vyote vya juu. Halafu geukia kule. Huyu ni mtoto wa kike."

Nikavua, nikavitupa nyuma bila kugeuka, nikasimama kifua wazi nikiitazama turubai. Na hapo, ndugu yangu, ndipo nilipopitia dakika mbaya kuliko zote za maisha yangu, na nimeishi miaka sitini na mbili. Kwa sababu sikuona kitu. Nilikuwa nasikia tu. Nilisikia magazeti yakibanduliwa mwilini, yananyofoka vipande. Nilisikia nguo iliyolowa ikianguka chini kama samaki. Nilisikia yule mama akiuliza, "Unaitwa nani, binti?"

Kimya.

"Mama yako anaitwa nani?"

Kimya. Mvua tu.

"Binti. Nitazame mimi. Nitazame. Leo siku gani?"

Kimya, halafu kitu kama mguno.

"Anasinzia," akasema. "Mzee, huyu asilale. Ongea naye. Sauti anayoijua."

Mimi! Mimi ambaye kwenye misiba wananiweka mbali na jeneza kwa sababu nachekesha watu. Meno yalikuwa yanagongana, sijui kwa baridi au kwa hofu. Nikatafuta hadithi, zote zikawa za uongo, na nikaona vibaya kumsimulia uongo mtoto ambaye labda ndiyo anasikia neno la mwisho. Basi nikaanza kuzifuta moja moja.

"Mama, nakwambia kweli. Ile pikipiki niliikalia mara moja tu, ikiwa kwenye stendi. Unasikia? Na ule mguu sikuvunjika vitani, nilianguka kutoka kwenye mpapai. Darasa la saba sikumaliza, niliishia la tano. Ile picha nimesimama na gari, si gari langu, mwenyewe alikuwa ameingia dukani. Mama, unanisikia? Bao sijui kucheza, nilikuwa nakuibia kete. Na yule mamba..." Nikaishika turubai. "Yule mamba niliyekwambia nimemuua kwa kasia. Alikuwa ameshakufa. Nilimkuta amekufa, mama, ana siku mbili, ananuka."

Nyuma yangu kukaanza kelele ndogo, kama mtu anatikisa njugu kwenye kopo. Kisha ikazidi.

"Haya," akasema yule mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Ameanza kutetemeka. Sasa tuna mtu."

Halafu nikasikia, katikati ya meno yanayogongana, sauti ya mpwa wangu.

"Ha... hata ma... mamba?"

"Hata mamba, mwanangu."

Niliruhusiwa kugeuka. Alikuwa ndani ya shati langu na sweta langu, na lile koti la kijani juu, na yule mama amemfungulia kitenge chake, amemweka mikono kwenye makwapa yake mwenyewe, anaipasha moto kwa mwili wake huku anamsemesha. Walikuwa wamekaa uso kwa uso kama watu wanaocheza mchezo. Mpwa wangu anatetemeka mpaka gunia linasogea. Sijawahi kuona mtu anatetemeka vizuri hivyo.

Usidhani yaliishia hapo. Damu iliporudi vidoleni ilirudi na visu. Alilia. Mtu ambaye hata alipong'atwa na mbwa alisema "aisee" tu, alilia kwa sauti, anapiga miguu, anamwomba yule mama amwachie mikono. Yule mama hakumwachia. "Lia," anamwambia, "lia, vinavyouma ni vizima." Vidole vinane vilirudi mapema. Viwili, kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto, vilikaa vyeupe, na mimi nilivitazama hivyo viwili kwa muda ambao sijui ni dakika ngapi. Chai ilichemka, ikawekwa sukari nyingi, akanyweshwa kwa kijiko. Nikapewa gunia nijifunike, likinuka saruji. Sikulilalamikia.

Mnamo saa kumi na nusu likaja lori la kuchukua kokoto. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, alimwona mpwa wangu, akawasha joto kwenye kabini bila kuulizwa, akairudia pikipiki kule kwenye kona, akaipakia juu. Boksi nililipakata mimi. Nikampa yule mama mkono nikataka kusema kitu kikubwa, nina maneno mengi makubwa, na yeye akasema, "Nenda, mzee. Siku nyingine mwenye usukani ndiye avae." Akarudi kwenye jiwe lake, akachukua nyundo.

Pale hospitali mtu wa maabara alipokea boksi, akasema vichupa vitatu vimeharibika, vingine vizima. Mganga mkuu akamchunguza vidole, akachoma kwa sindano kimoja kimoja. Kile kidogo kilishtuka. Cha pete hakikushtuka. Akasema tusubiri, huenda kikaamka, huenda kisiamke, na kwamba wiki tatu asiguse pikipiki. Halafu akamuuliza alikuwa amevaa nini. Mpwa wangu akasema, "Nilisahau koti." Hivyo tu. Hakunitazama.

Tuliingia nyumbani jua likizama. Dada yangu alikuwa kwenye ua wa nyuma anaanua nguo alizoanika chini ya bati. Binti akapita moja kwa moja chumbani, akasema amechoka, akalala. Dada akaniona nimevaa gunia.

"Makubwa! Kaka, umekuwa viazi?"

Nilikuwa na jibu. Wallahi nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Na njia ilikuwa wazi, maana mwenye siri alishaifunika. Nikaketi kwenye ngazi.

"Dada, leo nimekaribia kukuulia mtoto."

Akafikiri nachekesha. Akasubiri sehemu ya kuchekesha. Nikamweleza, kuanzia dirisha la muuguzi mpaka kile kidole cha pete, nikasema nani alikuwa amevaa koti, nikasema nani alikaza mipira. Uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo. Sikumaliza. Alizitupa nguo zote kwenye udongo, zile alizokuwa anaanua, akaingia ndani.

Nikamfuata mpaka mlangoni pa chumba. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, amefunua blanketi upande wa miguu, anazishika nyayo za binti yake, moja, halafu nyingine. Akapanda kwenye mikono. Akavishika vidole kimoja kimoja, polepole, kama alivyofanya siku aliyomzaa, maana siku hiyo nilikuwepo, na hilo si uongo. Kwenye kile cha pete alikaa sana. Akakiweka mdomoni mwake, akakipulizia pumzi.

Mpwa wangu alikuwa usingizini, anapumua kwa nguvu. Nje mvua ilianza tena kupiga bati, na wote wawili, dada na mimi, tuliinua vichwa.

"Ana joto?" nikanong'ona.

Alivuta kiti kwa mguu bila kukiachia kile kidole, akakaa.